Masika Ndani ya Kopo

Jumatatu, 2 Machi

Wametufungia mlango asubuhi, nami niko ndani ya nyumba niliyoichora mwenyewe. Sikupangiwa kuwa humu. Aliyepangiwa ameteguka mguu juzi akishuka ngazi za kwao, Msimamizi akanipigia simu: "Wewe unaijua kila kona, ingia wewe." Nikamtazama mume wangu. Akasema, "Nenda. Kila siku unachora wenzako watalala wapi, kalale na wewe."

Nyumba yenyewe ni mfano, wa ukubwa kamili, wa chombo cha anga kitakachokuja kuzunguka huko juu na watu wanne ndani yake. Huu wetu hauendi popote. Umewekwa katikati ya bohari kubwa la bati nje ya mji, na sisi wanne tutaishi humu masika yote, mpaka mwanzoni mwa Mei, ili ijulikane kama binadamu anaweza kula, kulala na kuvumiliana na wenzake katika vyumba nilivyobuni. Vishikio vya ukutani, kona zisizo na ncha, vijiko vinavyong'ang'ania sumaku, buluu sakafuni na nyeupe darini ili mtu anayeelea asisahau juu ni wapi: vyote vimetoka mkononi mwangu. Wenye mradi wameupa jina refu la kiofisi. Kufika mchana sisi tumeshauita Kopo.

Wenzangu ni hawa. Daktari, mama wa makamo, ndiye mkuu wetu. Maneno yake huyatoa kwa dozi. Bwana Shamba, mtaalamu wa mimea, ana sanduku la taa analooteshea mboga, na mboga hizo huzisalimia kwanza kabla ya sisi. Na Rubani, pande la mtu, miraba minne, sauti kama anaita ng'ambo ya mto.

Rubani amejigonga kichwa mlangoni mara mbili kabla hatujala. "Nani kachora huu mlango?"

Nikanyoosha mkono.

"Basi wewe ndiye Mwenye Nyumba," akasema akijisugua paji la uso. "Kodi sitoi mpaka urekebishe."

Jina limenasa palepale. Hata Daktari ameshaniita hivyo.

Jumatano, 4 Machi

Kati ya vitu vyote vya humu, ninachokipenda zaidi ni meza. Inakunjuka kutoka ukutani, ina pande nne sawa ili asiwepo wa kukaa mbele ya wenzake, na chini ina vyuma vya kunasia vidole vya miguu, kwani kule juu mtu asipojinasa ataelea na sahani yake. Tumekula hapo mara kadhaa sasa, watu watatu. Rubani huchukua pakiti yake, akaenda kusimama mlangoni pa chumba chake, ametugeuzia nusu ya mgongo, akala kama mtu anayengoja gari.

Nimemkaribisha. Kasema, "Niko sawa hapa, Mwenye Nyumba."

Jumapili, 8 Machi

Leo ilikuwa zamu ya simu za nyumbani. Spika niliiweka makusudi sebuleni, juu ya meza, ili habari njema ya mmoja iwe ya wote. Sikufikiria habari nyingine.

Mume wangu alianza vizuri, akanipa salamu za watoto. Halafu: "Sasa, mama anauliza, yale mapazia aliyotuletea uliyaficha wapi? Maana mimi nimemwambia yako kwa dobi."

Daktari alikuwa anasoma maandishi ya pakiti tupu. Bwana Shamba aliinuka kwenda kuangalia mboga zisizohitaji kuangaliwa. Rubani peke yake hakujua kujifanya hasikii. Alicheka mpaka Kopo likatetemeka.

Ilipofika zamu yake akaingia kaka yake. Wazazi wao walifariki mapema na huyo ndiye aliyemlea. Yeye hakuongea na mdogo wake tu, alituongelesha wote. "Huyo bado anakoroma?" Tukaitika kwa pamoja: "Ndiyo!" Akataka kujua mboga zimefikia wapi. Akamuuliza Daktari kama ameshagundua mdogo wake anaumwa nini, na Daktari, niamini, akacheka. Kufika mwisho wa simu alikuwa kaka yetu wote, na tunamwita Kaka Mkubwa kana kwamba tumekula naye udogoni.

Alhamisi, 12 Machi

Mvua. Juu ya bati la bohari ni ngoma mia. Tunaongea kwa ishara.

Jumapili, 15 Machi

Mchumba wa Bwana Shamba amemuuliza, mbele ya spika na mbele yetu, kama bado anampenda. Maskini akatuangalia sote watatu, jasho likamtoka, akasema, "Ndiyo, nimekupata vizuri."  Upande wa pili simu ikakatwa.

Kaka Mkubwa aliposimuliwa alisema atampigia huyo binti mwenyewe amtulize.

Jumanne, 17 Machi

Mvua. Rubani bado hali mezani.

Naandika haya nikiwa nimekasirika, basi yasomeke hivyo. Anafunga milango kwa kishindo. Anaimba mstari mmoja tu wa wimbo, wa pili haujui. Ananing'iniza fulana mbichi kwenye vishikio vyangu. Na kila mara tukiketi kula anatugeuzia mgongo. Kuna watu hawaheshimu kazi ya mwenzao, basi, Mungu kawaumba hivyo.

Jumatatu, 23 Machi

Nimeshindwa kunyamaza. Mchana, pakiti yake mkononi, amekwenda kusimama palepale, nikamfuata.

"Ndugu yangu, nimekukosea nini?"

"Wewe? Hujanikosea kitu."

"Mbona hutaki kukaa nasi? Meza yangu inanuka?"

Akaweka pakiti chini, akaja mezani, akajaribu kukaa. Magoti yake yakagota kwenye vyuma vya chini. Akajaribu upande, mguu mmoja ukabaki nje, mwingine ukakwama, na ikabidi Bwana Shamba amvute kwa kwapa ili atoke.

"Hayaingii, Mwenye Nyumba," akasema taratibu. "Tangu siku ya kwanza."

"Mbona hukusema?"

"Kila asubuhi nakuona unavyoifuta meza hii. Unaifuta kama mtoto anayefutwa uso. Ningeanzaje?"

Daktari akasema, "Chakula kinapoa," japo pakiti hizi hazipoi wala hazipati moto. Nilikwenda chumbani kwangu. Mtu amekula wiki tatu amesimama ili asiniumize roho, nami nilikuwa nimemwandika ubaya ukurasa uliotangulia. Sitaufuta. Ubaki.

Jioni sote wanne tumekula tumesimama.

Jumapili, 29 Machi

Kaka Mkubwa hakuja kwenye simu. Kapokea mkewe, kasema kifua kinambana, amelala, anawasalimu sana. Rubani akasema, "Mwambie aache kujidekeza." Alisema kwa utani, lakini baada ya hapo hakuimba siku nzima, na nilishangaa kuukosa ule mstari mmoja.

Msimamizi anasema mito imejaa kila mahali.

Jumapili, 5 Aprili

Leo Kaka Mkubwa amekuja kwenye simu. Sauti imeshuka, anavuta pumzi kati ya maneno, lakini utani uko palepale. Amesema mchumba wa Bwana Shamba ameshamsamehe, isipokuwa amemwomba ajifunze lugha. Daktari akamuuliza kuhusu kifua: kinauma upande gani, anakohoa nini, amekwenda hospitali? Akajibu, "Daktari, hapa barabara imekuwa mto. Ikikauka nitakwenda." Daktari hakulipenda jibu hilo. Nilimwona akibana midomo.

Jumatano, 8 Aprili

Naandika polepole, nisiache kitu.

Baada ya chakula cha mchana Daktari aliitwa kwenye kisikizio cha sikioni, kile cha mkuu peke yake. Alisikiliza akiwa amesimama. Alisema "ndiyo" mara tatu na "sawa" mara moja. Kisha akakivua, akakiweka mahali pake, akageuka.

Ndipo nilipoona alichokuwa anatafuta. Alikuwa anatafuta pa kumpeleka. Alitazama sebule, tulipokuwa mimi na Bwana Shamba. Alitazama vyumba vya kulala, ambavyo niliviwekea mapazia badala ya milango, na kila kimoja kinamtosha mtu mmoja aliyesimama kwenye mfuko wa kulalia uliofungwa ukutani. Wawili hawaingii. Akakata tamaa, akamwambia palepale mezani, mbele yetu.

"Baba, kaa chini kidogo."

"Hapa siwezi kukaa, Daktari, unajua," Rubani akasema, na alikuwa anatabasamu bado.

"Kaka yako amefariki asubuhi hii. Pole sana."

Mvua ilikuwa kubwa. Nilidhani hakusikia, maana tabasamu halikuondoka upesi. Lilibaki pale usoni kama kitu kilichosahauliwa.

"Kaka yupi?" akauliza. Hana kaka mwingine.

Daktari alimshika mkono. Akamweleza kwamba usiku alizidiwa, kwamba walijaribu kumtoa kwa mtumbwi wakashindwa. Rubani akasema, "Nafungua mlango. Naenda." Daktari akasema, "Una haki, na hakuna atakayekuzuia. Lakini nisikilize kwanza. Daraja limechukuliwa na maji. Helikopta haziruki na upepo huu, Msimamizi ameshawauliza. Wanazika kesho. Hutafika."

Yeye ni rubani. Aliangalia juu, akaisikiliza mvua kwa makini, kama mtu anayesoma. Akajua ni kweli.

"Basi nitoke niende wapi?" akasema.

Tulimpa pole, mimi na Bwana Shamba, maneno yakatoka vipandevipande. Aliitika, "Asanteni. Asanteni sana," akatuangalia mmoja mmoja kama mwenye nyumba anayeaga wageni, halafu akazunguka mahali alipo. Hatua mbili, ukuta. Hatua mbili, meza. Mwishowe akaingia chooni na kufunga, kwa sababu choo ndicho chumba pekee humu chenye mlango wa kukomea.

Akawasha feni ili tusisikie. Feni ile inaunguruma vibaya, nimeilalamikia mwenyewe kwenye michoro. Leo haikutosha. Tulisikia. Mtu mkubwa vile akilia kwa kujibana, kama anaiba.

Tukakaa. Muda ukaenda. Bwana Shamba alianza kuhama mguu huu na ule, akaninong'oneza, "Dada, mimi nimebanwa."

"Jikaze."

"Nimejikaza tangu saa ile."

Sijui kama Rubani alisikia minong'ono au viatu. Feni ikazimika. Mlango ukafunguka, akatoka, macho mekundu, amejinawa uso, na akamwambia Bwana Shamba, "Samahani, ndugu yangu. Nimekuchelewesha. Ingia."

Aliomba radhi. Mtu amefiwa na aliyemlea, na anaomba radhi kwa kukalia choo.

Nilisimama nikaenda kwenye stoo. Stoo ya chakula ndiyo chumba cha mwisho nyuma, ina mlango mzito wa kubana hewa, na imejaa mifuko toka chini hadi juu. Nilishika mfuko wa kwanza nikautupa sebuleni. Wa pili. Spika ikaita papo hapo, maana kamera zinaona kila kitu.

"Mbunifu, unafanya nini?" Alikuwa Msimamizi.

"Natoa mifuko."

"Unajua masharti. Hakuna kuhamisha kitu mpaka mwisho. Ukibadilisha chumba, majaribio yote kuanzia leo yanaharibika."

"Yameshaharibika. Huyu mtu hana pa kulilia."

"Naelewa, nami nasikitika. Lakini andika pendekezo, tutalijadili kwenye—"

"Kaka yake anazikwa kesho!"

Spika ikakatika. Msimamizi si mtu mbaya, ana wakubwa juu yake. Aliporudi, sauti ilikuwa ya chini. "Wenye mradi watauliza ni nani aliyeruhusu. Niwaambie nini?"

Daktari alikuwa ameshashika mfuko. "Mimi ndiye mkuu humu," akasema bila kuinua uso. "Waambie ni mimi."

"Na mimi," nikasema.

"Na mimi," akasema Bwana Shamba kutokea chooni.

Tulitoa mifuko yote. Mingine tuliijaza chumbani kwangu mpaka pazia likatokeza tumbo, nitalala sebuleni. Niling'oa vishikio viwili vilivyokuwa njiani. Nilibandika mablanketi kuta zote za stoo kwa utepe wa kunata ili sauti isipenye, nikavuta waya wa simu hadi ndani. Rubani alitutazama mwanzoni, kisha naye akaanza kubeba, na tukamwacha abebe kwa sababu mikono yake ilihitaji kazi.

Palipokuwa tayari nilimwambia, "Mlango huu ni mzito. Ukiufunga hatusikii kitu."

Aliingia akiinama. Akaufunga. Ni kweli, hatukusikia kitu.

Alhamisi, 9 Aprili

Wamemzika leo. Mke wa Kaka Mkubwa alishika simu mkononi muda wote ili shemeji yake awe hapo. Rubani alikaa sakafuni mwa stoo, simu mikononi, mlango ameuacha wazi. "Njooni," akasema. Hatukuenea. Daktari aliingia, sisi wawili tukakaa kizingitini, magoti yetu yakigusana.

Kilichosikika kilikuwa kidogo. Watu wakitembea kwenye matope. Mtu akisoma maneno ambayo upepo uliyachukua. Majembe. Kule mvua, na juu yetu mvua, hata usingejua ipi ni ya wapi. Hatukusema neno. Ilipofika zamu ya ndugu kutia udongo, tulisikia shemeji yake akisema karibu kabisa na simu, "Bonge hili ni la mdogo wake," na likaanguka.

Rubani alifunga macho. Baadaye alitusimulia habari za Kaka Mkubwa, alivyompeleka kuona ndege kwa mara ya kwanza akiwa amembeba mabegani. Alisimulia kwa muda mrefu. Kisha akasema, "Sasa naomba mnifungie," tukamfungia.

Ijumaa, 10 Aprili

Rubani amelala mchana kutwa. Mboga zimechanua, Bwana Shamba amezisalimia kwa sauti ya chini.

Jumapili, 12 Aprili

Tumepeana zamu za simu stooni. Bwana Shamba aliingia na kufunga mlango, akatoka baada ya muda mrefu na masikio mekundu. Hatujui alichosema na hatutajua.

Niliogopa kwamba sasa sebule itakufa. Haikufa. Mume wangu nilimalizana naye stooni mambo ya mapazia, kisha nikamhamishia sebuleni awasalimie wenzangu. Kama spika isingekuwa hapo toka mwanzo, tusingemjua Kaka Mkubwa kabisa. Nalifikiria hilo sana. Mtu anataka pa kuwa na wenzake, na anataka pa kuwakimbia wenzake hao hao.

Jumanne, 21 Aprili

Leo nimemwona Daktari akiingia stooni bila simu, bila kitabu, bila chochote. Alikaa humo. Alipotoka akanikuta, akasema, "Nimewaambia wengi sana habari kama ile. Huwa sina pa kwenda baada ya hapo." Kisha akaenda kupima mapigo ya moyo ya Bwana Shamba, kama kawaida.

Nami niliingia zamu yangu. Sikuwa na msiba. Nililia hata hivyo, halafu nikasikia njaa.

Jumamosi, 25 Aprili

Rubani ameimba. Mstari uleule.

Ijumaa, 8 Mei

Wamefungua mlango asubuhi. Kwa mara ya kwanza baada ya wiki nyingi hakukuwa na mvua, na ukimya wa bati ulinitia wasiwasi. Mwanangu wa mwisho alinirukia shingoni, akasema ninanuka plastiki.

Mchana kikao na wenye mradi, nami nikaomba chombo kiwe na chumba cha kujifungia kama stoo yetu. Aliyeongea zaidi alikuwa mama mmoja mhandisi anayesimamia uzito wa chombo, mtu makini, asiyepandisha sauti. Akasema kule juu kila kilo ina mwenyewe, nimwonyeshe chumba hiki kitatoka wapi. Nikamwonyesha: shubiri moja kutoka kila chumba cha kulala.

"Na mrefu wenu amekubali kupunguziwa?" akauliza.

Rubani akajibu mwenyewe. "Mama, kulala nimeshazoea kujikunja. Kulia mtu hawezi akiwa amejikunja."

Akaandika. Mwishowe wakasema chumba kitaingia kwenye michoro. Wakasema pia kwamba majaribio ya kuanzia Aprili hayahesabiki, masharti yamevunjwa makusudi, na kwa hiyo hatua inayofuata itaongozwa na mbunifu mwingine, nami nitakuwa msaidizi wake. Daktari alitaka kupinga, nikamgusa goti. Chumba kimepita, mimi sikupita. Imeniuma, siwezi kudanganya. Nimeuma meno mpaka nyumbani, nikamweleza mume wangu, akanisikiliza mpaka mwisho bila kunipa ushauri hata mmoja.

Jumamosi, 16 Mei

Msimamizi alitupa gari lake, tukaenda sote wanne. Daraja wameweka la muda, la mbao, na Bwana Shamba alivuka kwa miguu kwa kuliogopa.

Nyumba ya Kaka Mkubwa iko juu kidogo ya barabara, alama ya maji bado ipo ukutani. Shemeji yake Rubani alitoka kutupokea. Mwanamke mwembamba, amesimama wima. Alimkumbatia mdogo wa mumewe muda mrefu, kisha akatugeukia.

"Nyinyi ndio mliokuwa naye kwenye simu siku ile."

"Ndiyo," Daktari akasema. "Utusamehe, hatukuweza kusema kitu."

"Nilisikia mvua ikipiga bati lenu," akasema. "Na nilisikia pumzi. Si za mtu mmoja. Nikawaambia wanangu, baba mdogo huko ana watu."

Tulikwenda kaburini pamoja. Majani mapya yameshaanza kuota pembeni, Bwana Shamba aliinama akayataja kwa jina, kwa adabu. Tuliporudi shemeji akatukalisha, akaleta chai. Rubani hakukaa. Aliuliza, "Chumba chake?" Shemeji akamwonyesha mlango wa ukumbini. Akaingia, akaufunga.

Mlango ulikuwa mwepesi, wa mbao za kawaida, na safari hii tulimsikia. Alilia kwa sauti yake yote, ile ya kuita ng'ambo ya mto. Hakuna aliyeinamisha kichwa, na hakuna aliyejifanya anasoma kitu. Watoto wa marehemu walisogea karibu na mama yao. Yeye aliwapangusa nyuso, kisha akatazama vikombe vyetu ambavyo hakuna aliyevigusa.

Chai ilikuwa imepoa. Akaikusanya, akairudisha jikoni kuipasha moto, akasema tusubiri tu, hakuna haraka.